Kikapu Nyuma ya Nyumba ya Dani

Nilifika Mbita alfajiri kwa basi la usiku kutoka Nairobi, na mashua ya mizigo ilikuwa imeshapakiwa. Mifuko ya saruji ilipangwa juu ya mbao ili isiguse maji yanayokusanyika chini ya chombo, ikafunikwa turubai mbili na kukazwa kwa kamba pande zote. Nahodha alikuwa akizunguka akivuta kila fundo. "Fundi, panda twende," aliniambia. "Upepo wa mchana ukitukuta nje na mzigo huu, hatutafika wakavu."

Kazi yangu Mombasa ni viwanja vya nyumbani. Watu wenye nafasi uani, Nyali na Kizingo, huniita niwatengenezee pahali pa watoto kucheza mpira wa kikapu. Nimeijua kazi hiyo kando ya bahari tangu nikiwa kibarua wa kuchanganya zege. Mwenzangu wa kazi, mzaliwa wa Mfangano aliyeishi pwani miaka mingi, ndiye aliyeniomba twende kwao. Wapwa zake hucheza mteremkoni, na mpira ukiponyoka huishia ziwani. Alitaka wapate sakafu ya zege na ringi moja, nyuma ya nyumba ya bibi yake. Sikuwa nimewahi kufika Ziwa Viktoria.

Kiwanja chenyewe si kikubwa. Kikapu cha watatu kwa watatu huchezwa kwenye eneo la mita 15 kwa 11, ringi moja tu. Ukimwaga zege la unene wa sentimita 10 hapo, unapata mita za ujazo 16 na nusu, na kila mita ya mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne hula mifuko sita na ushee. Saruji peke yake inapita mifuko mia moja, zaidi ya tani tano. Kokoto na mchanga ni zaidi ya tani 30. Nchi kavu lori huja mara chache na mambo yakaisha. Kisiwani kila kilo hubebwa mara tatu: kupanda mashua, kushuka mashua, kisha kupanda mlima begani. Ndiyo maana kokoto hatukuileta. Kina mama wa kijijini walikaa chini ya mwembe wakaivunja kwa nyundo kutoka mawe ya mlima huohuo, wakiuza kwa karai, na tangu siku hiyo sina wasiwasi na kokoto ya mkono. Ilikuwa na pembe kali, ngumu, safi, haina vumbi la mashine.

Mashua ilipita chini ya Rusinga, kisiwa alikozikwa Tom Mboya baada ya kuuawa Julai 1969, na ambako Mary Leakey alilipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja siku hizi. Zamani palikuwa na tuta lililoziba mkondo, na maji yakadumaa upande mmoja, hadi daraja lilipojengwa yakapita tena. Nililitazama daraja hilo kwa jicho la kazi. Ukiyazuia maji mahali yalipozoea kupita, yatakudai njia yake. Mbele yetu ikatokea Takawiri na ufuo wake mweupe wa mchanga, halafu nyuma yake Mfangano ikapanda ghafla, kijani chini, mawe matupu juu, hadi kilele cha Kwitutu. Tulishukia Sena. Vijana walikuwa wakitungoja majini, suruali zimekunjwa hadi mapajani, na kabla nanga haijatulia mfuko wa kwanza ulikuwa begani mwa mtu.

Nilitamani tujenge pale chini, niseme ukweli. Kati ya nyumba za wavuvi na maji palikuwa na tambarare nzuri ya majani mafupi, isiyohitaji sururu wala ukuta. Mzee wa boma, ami yake mwenzangu, alinisikiliza hadi mwisho kisha akanichukua mkono hadi kwenye mti mmoja. Akaweka kiganja kwenye shina, juu ya kiuno chake. Hapo ndipo maji yalipofika mwaka 2020. Mei ya mwaka huo ziwa lilipanda hadi kuipita rekodi iliyowekwa 1964, na nyumba za ufuoni pande zote za ziwa zikahamwa. Majani yale mafupi nayo yana sababu yake. Viboko hutoka usiku kuyala. Mtu anayeweka zege la maelfu ya shilingi mahali ambapo ziwa limewahi kulala, amepaazima tu kwa ziwa.

Tukapanda bomani. Boma lile limepangwa kwa desturi inayofuatwa na Waluo na Abasuba wa sehemu hizi: lango chini, nyumba kuu ikilitazama lango, nyumba za wana pembeni kila mmoja na upande wake. Mbele ya nyumba kuu kuna uwanja mpana, na pembeni mwake makaburi ya waliotangulia, mengine yamesakafiwa, mengine ni mawe tu. Sikuhitaji kuambiwa kwamba hapo mpira haudundi. Palibaki nyuma ya nyumba, kwenye orundu, shamba dogo la mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni bibi yake mwenzangu. Kila mtu kisiwani anamwita Dani, hivyo nami nikamwita Dani.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua omena, dagaa wa ziwani. Mjukuu wake akamweleza kwa Kijaluo, kirefu, kwa adabu, huku akionyesha kwa mkono toka kwenye mihogo hadi kwenye sukuma wiki. Dani akanigeukia mimi kwa Kiswahili.

"Mwanangu, hiyo saruji ikikaa hapo, itatoka lini?"

"Haitatoka, Dani."

"Basi mimi natoa shamba. Nyinyi mnanipa nini?"

Mwenzangu akaanza kusema kwamba watoto watacheza karibu naye, hawatazurura ufuoni. Dani akamkatiza. Alitaka sakafu ya kuanikia omena. Omena wake huanikwa kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, na kuku, vumbi na matone ya mvua ya ghafla humharibia. Sakafu safi yenye jua la kutwa aliitamani kuliko alivyoitamani sukuma.

Hapo pana tatizo la kweli. Omena ana mafuta. Mafuta yakizama kwenye zege, rangi haishiki, na anayekimbia juu yake atateleza. Jibu tulilipata kwenye mteremko wa kiwanja. Uwanja wa nje haulazwi bapa kabisa, maji yakabaki juu. Huinamishwa kidogo kuelekea upande mmoja, sentimita moja kwa kila mita. Nikamwambia Dani kwamba upande wa chini, nje ya mpaka wa mchezo, tutamwongezea kipande cha upana wa mita moja na nusu, urefu wa kiwanja kizima, chenye mfereji wake. Akikiosha, maji yanashuka kwenye migomba, hayapandi kwenye mpira. Akauliza kama kitakuwa chake peke yake. Mjukuu akaapa. Tukapewa shamba.

Wasichana wa boma na majirani wao walikuwa wamesimama kando wakisikiliza. Mmoja akaniuliza kwa nini ni kikapu tu, maana shuleni wao hucheza netiboli. Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa 15.25, na mahali pa uwanja huo mzima hapakuwepo mlimani kote. Lakini uwanja huo hugawanywa mara tatu sawasawa, na theluthi moja, ile ya kufungia magoli, ni mita 10.17 kwa 15.25. Yaani karibu sawa kabisa na kiwanja chetu cha kikapu. Tulihitaji kuupanua upana kwa robo mita. Ringi zote mbili huwa juu mita 3.05, tofauti ni kwamba ya netiboli ni nyembamba, milimita 380, na haina ubao nyuma. Tukaamua kuzika kipande cha bomba upande wa pili, kinyume na kikapu, mlingoti wa netiboli uchomekwe humo wakati wa mchezo na uchomolewe baadaye. Mashua ikarudi Mbita kwa mifuko ya ziada, na sijawahi kutuma mashua kwa sababu niliyoipenda zaidi.

Mwelekeo ulikuwa wazi. Mfangano iko chini kidogo ya Ikweta, jua linazama karibu moja kwa moja magharibi, na watoto hucheza jioni. Ringi ikitazama magharibi au mashariki, kuna mtu atakayepiga akiwa amepofushwa. Tukakilaza kiwanja kaskazini na kusini. Bahati nzuri mteremko wa mlima ulikubali.

Kuchimba ndiko kulikotula nguvu. Nilisisitiza uwanja wote ukae kwenye udongo uliokatwa, si uliojazwa. Kwenye mteremko mtu hushawishika kukata nusu na kuumwaga udongo chini apate nusu nyingine. Nusu ile ya chini hushuka polepole mvua zikija, na zege hupasuka katikati, pale kigumu kinapokutana na kilaini. Tulikata ndani zaidi ya mlima, tukajenga ukuta wa mawe upande wa juu wenye matundu ya kutolea maji, na juu ya ukuta tukachimba mfereji wa kuyakinga ya mlimani yasishuke hadi kiwanjani. Pale penye udongo laini tulijaza mawe na murramu kwa tabaka la sentimita 15, tukalowesha, tukashindilia kwa magogo. Wazee walipita wakatazama, wakauliza kwa nini tunajenga ngome kwa ajili ya mpira. Mzee wa boma akawajibu kwa niaba yangu kwamba mwaka wa mvua kubwa wataona.

Kuna jambo lililonifurahisha sana kama mtu wa pwani. Bahari ni adui wa chuma. Mombasa chumvi huingia kwenye zege kupitia mchanga usiooshwa na kupitia hewa yenyewe, nondo zinavimba kwa kutu na kuivunja sakafu kutoka ndani. Bolti za ringi, hata zikipakwa zinki, huliwa upesi. Ziwani maji ni matamu. Nilishika wavu wa chuma wa BRC uliokuwa umelala nje bomani kwa muda, nikakuta kutu ya juujuu tu. Tuliuweka kwenye zege bila hofu, juu ya vijiwe ili uwe ndani na sio chini, maana wavu uliolala kwenye nailoni haufanyi kazi yoyote.

Lakini ziwa lina mitihani yake. Mchanga ulikuja kwa mashua, na haukuwa na chumvi bali tope na vigamba vya konokono. Tukafanya jaribio la chupa: mchanga nusu, maji, tikisa, acha utulie. Tope hukaa juu ya mchanga kwa mstari unaoonekana, na mstari ukiwa mnene, saruji haishikani na punje. Mashua ya kwanza tulimrudishia mwenyewe. Ya pili ilikuwa safi. Maji nayo hatukuyateka ufuoni penye ukijani wa mwani, kwa kuwa mwani hudhoofisha zege. Vijana waliyateka mbali kwa mashua, tukayaacha yatulie kwenye mapipa usiku kucha.

Siku ya kumwaga zege ilipangwa na mwezi. Hili sikulijua, na nililipenda mno. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa zito samaki hukusanyika penye mwanga, na ukisimama ufuoni Mfangano utaona taa zimetapakaa hadi upeo wa ziwa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina kazi, na wavuvi hulala nyumbani. Nilipotaja siku niliyoitaka, mwenzangu akaangalia angani akasema siku hiyo hutapata mtu wa kushika koleo. Tukangoja mbalamwezi. Asubuhi iliyochaguliwa, vijana waliokuja walizidi kazi.

Tulianza kabla ya jua, kwa sababu zege linalomwagwa mchana wa joto hukauka juu kabla ya kushikana chini. Nililigawa eneo katika vipande kumi na viwili, tukamwaga kimoja na kuruka kimoja, mpaka sakafu ikawa ubao wa drafti, nyeusi za mvua na nyeupe za nailoni. Vilivyobaki tulivijaza baadaye. Sababu ni kwamba zege husinyaa linapokauka, na lazima lipasuke mahali. Ukilipa viungo lilikotaka kupasukia, hupasuka humo bila kuonekana. Uso tuliusawazisha kwa ubao mrefu, kisha nikaufagia kwa ufagio mgumu, njia moja, kutoka juu kwenda chini. Mistari ile midogo ndiyo inayoshika kiatu kukiwa na unyevu, na ndiyo inayoongoza maji kushuka. Vijana walitaka wauteleze kwa mwiko ung'ae. Niliwaambia sakafu ya sebule na sakafu ya mchezo haziombwi kitu kimoja.

Alfajiri iliyofuata mvua ilikuja kutoka ziwani. Juu ya Viktoria radi nyingi hupiga usiku na kukaribia mapambazuko, tofauti na bara ambako hupiga alasiri. Nailoni zilikuwa tayari, na zege lilikuwa limeshashika. Baadaye tulilifunika magunia na kulinywesha kutwa kucha kwa wiki nzima. Watoto walipanga zamu wenyewe, na Dani alikuwa msimamizi. Hakuna gunia lililokauka.

Wakati zege linakomaa nilipelekwa kuona michoro ya Kwitone, na tulipitia Ramba, kwenye Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba. Juu mwambani kuna duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, nyingine zikitoa miale. Inasemekana zilichorwa na Watwa, watu walioishi kwa kuwinda na kuokota kabla ya makabila ya sasa kufika, na wenyeji wamezihusisha na kuomba mvua. Nilisimama pale muda mrefu kuliko wenyeji wangu walivyotarajia. Rangi ile imedumu kwa sababu aliyeichora alichagua mwamba ulioinama, mvua haiupigi usoni na jua haliukai. Kiwanja changu hakina mwamba wa kukifunika. Rangi ya akriliki chini ya jua la Ikweta itapauka na kuhitaji kupakwa upya kila baada ya miaka michache, na nilimwambia mwenzangu hivyo siku hiyohiyo, aanze kuweka akiba.

Mlingoti wa kikapu tuliuzika zaidi ya mita moja. Ubao wa nyuma una upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 1.05, na alasiri upepo wa ziwa huupiga kwa nguvu zote. Upande wa bondeni ulihitaji kizuizi, la sivyo kila mpira ungekwenda kuogelea. Nilikuwa nimepanga waya wa matundu. Ami akaleta nyavu kuukuu za kuvulia samaki aina ya mbuta kutoka ghalani. Matundu yake ni makubwa, upepo unapita bila kuuangusha mlingoti, na mpira haupiti. Hakuna kitu dukani ambacho kingefaa zaidi, na kilikuwa bure.

Rangi hatukuipaka nikiwepo, kwa maana zege hutaka siku 28 kabla ya akriliki, na unyevu ukibaki ndani rangi huvimba na kubanduka. Niliwaachia madebe ya kijani, kwa kuwa kijani hakirudishi jua machoni, na nyeupe ya mistari. Niliwaachia na onyo waliloniongezea wao wenyewe: wasipake jioni. Vijidudu vya ziwa huinuka majini kwa makundi makubwa, hufuata mwanga, na huanguka kwa maelfu juu ya chochote kilicho kibichi. Wapake asubuhi, umande ukishakauka, wamalize kabla ya adhuhuri.

Nikiwa nimesharudi Mombasa, walinipigia simu siku ya mistari. Wavulana walikuwa wamemaliza yao. Aliyeshika simu alikuwa yule msichana aliyeuliza habari za netiboli. Alitaka kujua nusu duara ya kufungia inapimwa vipi bila mtu wa vipimo. Nikamwambia: msumari katikati ya mstari wa goli, kamba ya mita 4.9, chaki mwisho wake, na mtu mmoja asiachie msumari. Akanisomea kipimo mara mbili. Nyuma yake nilimsikia Dani akiwakemea wasikanyage upande wake, omena walikuwa wameshatandazwa.